Mwaka Mmoja Katika Kabati la Achari

Nilipoolewa Bombay, na mwana wa Vrajlal muuza vyombo vya shaba wa mtaa wa Kalbadevi, mama mkwe wangu Kashiben alinipeleka jikoni kabla hata hina haijanikauka vizuri, akanionyesha kabati. Lilikuwa kabati la mti mweusi, refu kunizidi, lenye mitungi ya achari ya embe, ya ndimu na ya pilipili kubwa. Rafu ya chini haikuwa na mtungi hata mmoja. Ilikuwa na vitabu, vimefungwa kwa kitambaa chekundu. Nilidhani ni vya dini, nikanyoosha mkono nivishike kwa heshima. Mama mkwe akaushika mkono wangu akaurudisha. Akasema hivyo ni vitabu vya hisa, vinasubiri Diwali, sikukuu ya taa.

Mimi kwetu ni Bhavnagar, baba yangu mwalimu, na kitabu kikinunuliwa kwetu hufunguliwa njiani kabla hakijafika nyumbani. Basi nilicheka. Kashiben hakucheka. Alinieleza sheria ya nyumba huku akipangusa mitungi. Kitabu chochote cha kufundisha watu kupata mali, kiwe cha hisa, cha madini ya fedha au cha pamba, kikivuka kizingiti kinaingia kabatini siku hiyo hiyo, na hakitoki mpaka Diwali inayofuata. Achari ya embe hailiwi siku inapotiwa chumvi, aliniambia, na hivi navyo ni hivyo hivyo.

Nilipomuuliza sheria ilitoka wapi, alisema ilikuwepo tangu zamani, akaenda kuosha mchele. Mikononi alivaa bangili za kioo tu, za kijani, ingawa alikuwa mke wa mtu mwenye duka. Niliambiwa zile za dhahabu zilitolewa kwenye harusi ya wifi yangu mkubwa.

Diwali yangu ya kwanza niliona sheria ikifanya kazi. Asubuhi wanaume walikwenda dukani kubariki madaftari mapya ya hesabu kama wafanyabiashara wote wa kwetu. Waliporudi, baba mkwe aliketi kwenye godoro la sebuleni, akafungua kitambaa chekundu, na mume wangu Manhar akasoma kwa sauti yale mwandishi aliyosema yatatokea na aliyosema watu wafanye. Baba mkwe alisikiliza akinusa ugoro wake, kidole kimoja cha pua hii, kimoja cha pua ile. Mwishoni aliuliza swali lile lile kwa kila kitabu.

"Aliyekifuata mwaka jana, leo anakula kwa nani?"

Jibu likiwa anakula kwake, kitabu kilipanda kwenye rafu ya kioo ya sebuleni. Jibu likiwa anakula kwa shemeji yake, kilipelekwa dukani kikachanwa kufungia vikombe na masufuria. Nusu ya Kalbadevi ilibeba nyumbani vyombo vilivyofungwa kwa siri za kutajirika.

Rafu ya kioo haikujaa kamwe. Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha mhasibu mmoja Mparsi, ambaye katika sura yote ya kwanza alieleza hisa zilizomtia hasara na namna alivyojidanganya kila mara. Vijana wa ofisi za madalali, hata makarani wa soko la hisa, walikuwa wakipita dukani jioni kumuuliza Vrajlal wasome kipi. Hakumwazima mtu kitabu. Aliwatajia jina, akawaambia wakakitafute kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, na wanunue kilichochakaa, maana hicho angalau kuna mtu alikimaliza.

Nakumbuka nyundo kuliko yote. Nyuma ya maduka ya mtaa wetu mafundi walikaa chini wakigonga shaba tangu chai ya asubuhi, na kila chombo kina mlio wake, birika si kama sinia. Mwezi wa kwanza nilidhani nitapata wazimu. Mwezi wa pili nilikuwa nikiamka kabla yao na kuwasubiri.

Lakini mwaka ule, 1991, nyundo zilikuwa zinapungua. Mabibi harusi walitaka stili. Pragji, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akiuza vyombo vya stili mpaka barabarani, na alikuwa amemwambia baba mkwe zaidi ya mara moja kwamba duka letu analitaka na bei nzuri anayo. Manhar alikuwa akikaa dukani siku nzima akipangusa masinia ambayo hakuna mtu aliyeyauliza.

Na kule kwenye soko la hisa, mwendo wa dakika chache tu kutoka kwetu, bei zilikuwa zimeshikwa na homa. Kinyozi alikuwa na hisa. Muuza tambuu alikuwa na hisa, na alikukunjia tambuu huku akikwambia ununue ipi. Dhiru, rafiki wa Manhar aliyefanya kazi kwa dalali, alikuja na pikipiki mpya na kitabu cha kijani. Kilikuwa cha Kigujarati, kimeandikwa na mtu aliyejiita profesa, na nyuma kulikuwa na picha yake amekunja mikono kando ya gari.

Manhar alikipokea siku chache baada ya Diwali, na hapo alifanya ujanja ambao bado hunichekesha. Sheria ilisema kitabu kikivuka kizingiti. Basi hakuvuka. Alisimama kwenye ngazi za jengo letu, chini ya taa, akakisoma chote, wajukuu wa majirani wakimpita katikati ya miguu. Chakula kilipoa, nikakipasha, kikapoa tena. Alipoingia macho yalikuwa yanang'aa kama mtu aliyetoka kuchumbiwa. Akamkabidhi mama yake kitabu, kikafungwa kitambaa, kikawekwa chini ya achari. Mtoto mtiifu.

Kilichokuwa ndani alinieleza chumbani. Profesa alisema mali iliyolala ni mali iliyokufa. Duka, kiwanja, dhahabu, vyote viuzwe, zinunuliwe hisa alizozitaja, na juu yake mtu akope anunue zaidi. Manhar alizungumza akitembea huku na huku. Alisema ataniondoa kwenye chumba chenye joto, atanipeleka ghorofa yenye upepo. Nami nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilimpenda, kwa nini niseme uongo, niliiona ghorofa ile na mapazia yake.

Basi ikaanza vita ya nyumba. Manhar alitaka duka auziwe Pragji. Baba mkwe alisema kitabu hakijatoka kabatini.

"Baba, bei hazisubiri Diwali."

"Basi zitangulie."

Manhar alimkumbusha kitabu kingine, cha zamani, kilicholala mwaka mzima kikisifu kampuni moja ya nguo, na kilipofunguliwa kila kilichosemwa kilikuwa kweli, na nafasi imepita. Baba mkwe alikubali. Alisema kweli, tulikosa, na akaomba chapati nyingine. Kukubali kule kulimchoma Manhar kuliko angebishiwa. Tangu siku hiyo hakula tena na baba yake. Nilikuwa naandaa mara mbili, dengu ile ile, watu wawili wasiotazamana.

Sasa nieleze jambo moja la heshima za kwetu wakati ule, maana bila hilo mtashindwa kunielewa. Mke wa mwana hakusema na baba mkwe wake. Akiingia, unavuta upindo wa sari kufunika uso. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mama mkwe, ingawa baba mkwe yuko pale pale anasikia kila kitu. Katika miezi yangu yote nyumbani kwake nilikuwa sijamwambia Vrajlal hata "chai tayari".

Jumapili moja mchana, wiki chache kabla ya Holi, sikukuu ya rangi, nyumba ilikuwa imelala baada ya chakula. Niliingia jikoni kuchota achari ya ndimu. Kabati lilikuwa wazi, funguo za mama mkwe, zile ambazo hazikuwahi kutoka kiunoni mwake, zikining'inia kwenye kitasa. Na baba mkwe alikuwa ameketi sakafuni, mahali ambapo hakuna mwanamume wa nyumba ile aliyewahi kuketi, mgongo kwenye mlango wa kabati, kitambaa chekundu gotini, kitabu cha kijani mkononi. Kikopo cha ugoro kilikuwa wazi kando yake.

Nilivuta sari usoni nikasimama. Yeye naye hakuweza kuniambia niondoke, maana angekuwa amenisemesha. Tulibaki hivyo kama wezi wawili waliokutana dirisha moja. Mwishowe aliugeukia mtungi wa embe.

"Wewe mtungi, naona kuna mtu amefuata ndimu. Achukue tu."

Na mimi, sijui ushujaa ule niliutoa wapi, nikaujibu mtungi. "Kuna mtu anashangaa, mtungi. Diwali haijafika."

Alinusa ugoro. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa ugoro na alifungua ukurasa kwa vidole hivyo hivyo.

"Mtungi," akasema, sauti ya chini, "mwenye duka akiuza duka, huyo binti wa mwalimu ataona haya kwao?"

"Kwao hawajawahi kuwa na duka. Haya ataonaje?" Kisha nikaongeza, kwa sababu ilikuwa kweli, "Ila atazikosa nyundo za asubuhi."

Alifunua ukurasa mwingine. Nilichota ndimu zangu, kijiko kikigonga mtungi. Nilipofika mlangoni nikamsikia tena.

"Mtungi hausemi."

"Hausemi," nikajibu, na nikaondoka.

Pragji alikuwa ametoa siku ya mwisho ya kupewa jibu, siku ya kuamkia Holi. Siku hiyo baba mkwe alivaa koti lake jeusi na kofia, akatoka bila kumuaga mtu. Nilikuwa ninaanika nguo kwenye roshani. Nikasikia viatu vikishuka ngazi mbio, kwa, kwa, kwa, nikadhani ni mtoto wa jirani ameonyeshwa aiskrimu. Baada ya muda mfupi baba mkwe alirudi juu taratibu, akavua koti, akavua viatu, akaketi kwenye godoro lake. Pragji hakuletewa jibu, na kutojibiwa ni jibu.

Usiku huo Manhar aliniambia nianze kupanga vitu. Angedai sehemu yake ya duka kwa baba yake, duka lingelazimika kuuzwa ili ligawanywe, na sisi tungehamia Ghatkopar, pembeni mwa mji, tuwe na jiko letu. Kutenganisha jiko, kwa watu wa kwetu, ni jambo linalosemwa kwa sauti ya msibani. Mama mkwe alisikia kupitia ukutani. Asubuhi alinipa masufuria mawili ya shaba bila kuniambia ni ya nini, na macho yake yalikuwa yamevimba. Nilitaka kusema. Nilitaka kumwambia mume wangu kwamba baba yako amekisoma, baba yako naye anahangaika. Lakini nilikuwa nimeahidi, na isitoshe sikujua alichokiona ndani. Labda alikisoma ili apate makosa yake tu.

Hatukufika Ghatkopar. Mwezi wa nne magazeti yakaandika kwamba fedha iliyokuwa ikipandisha bei ilitoka benki kwa njia za wizi, na hisa zikaporomoka siku baada ya siku. Muuza tambuu aliacha kushauri watu. Dhiru aliuza pikipiki, kisha akauza chumba, kisha akapanda treni na mke na watoto kurudi Saurashtra, kwa shemeji yake. Manhar alikwenda stesheni kumuaga.

Mngedhani hapo mambo yangetulia. Hayakutulia, yalibadilika tu. Baba mkwe hakusema neno hata moja la nilikwambia. Angesema, ingekuwa afadhali. Manhar alikaa dukani mgongo ukiwa umepinda, akila kinachowekwa mbele yake. Sikupata kumwona mwanamume amejidharau kiasi kile. Usiku aliniambia kitu ambacho hakikunitoka.

"Alijua tangu mwanzo. Yeye hujua siku zote. Katika nyumba hii mpumbavu ni mmoja tu."

Nilinyamaza, Mungu anisamehe, na mtungi nao ulinyamaza. Alikuwa ameanza kusema tena habari za kuhama, na safari hii si kwa hasira. Alisema hawezi kukaa maisha yake yote chini ya macho ya mtu asiyekosea.

Ikaja Diwali. Nilitengeneza vitafunio mpaka mikono ikaungua. Baada ya madaftari kubarikiwa wakaketi, na mama mkwe akaleta furushi jekundu. Manhar aliomba asisome yeye. Baba mkwe alisema msomaji wa nyumba ni yule yule. Basi akakifungua kitabu cha kijani, uso wake kama wa mtu anayesomewa hukumu, akafunua ukurasa.

Akapiga chafya.

Akafunua mwingine, akapiga chafya tena, mara mbili mfululizo. Kutoka kati ya kurasa ugoro ulikuwa ukimdondokea kwenye shati jipya la sikukuu. Akakitikisa kitabu, ukamwagika mwingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sari yangu usoni, nikiuma upindo nisicheke. Kisha Manhar akaacha kupiga chafya na kuanza kutazama. Alifunua kurasa moja moja. Kila ukurasa ulikuwa na alama za vidole vyeusi, na kadiri alivyoendelea ndivyo zilivyozidi. Kwenye sura ya kuuza duka, karatasi ilikuwa nyeusi pembeni kama kitambaa cha kushikia sufuria. Mtu alikuwa ameirudia sura ile mara nyingi sana.

"Baba. Ulikisoma?"

"Nilikisoma."

"Lini?"

"Kabla ya Holi."

"Ukaona ni uongo." Manhar alisema hivyo akitazama chini.

Baba mkwe alifunga kikopo chake, akakifungua tena.

"Niliamini kila neno," akasema. "Niliamini kuliko wewe. Nilivaa koti nikaenda kwa Pragji. Katikati ya ngazi nikajikuta nashuka mbili mbili, mzee mzima, nakimbia. Nikasimama. Nikasema, miguu hii naijua. Iliwahi kunikimbiza hivi hivi na bangili za mama yako mfukoni."

Manhar alimgeukia mama yake. Kashiben alikuwa akitazama bangili zake za kioo.

"Si zilikwenda kwenye harusi ya dada?" akauliza Manhar.

"Zilikwenda kwenye kitabu cha fedha," akasema mama mkwe. "Ulikuwa bado hujazaliwa. Baba yako alikinunua saa ya chai, na saa ya chakula cha mchana mikono yangu ilikuwa mitupu. Ndipo nikaiondoa achari rafu ya chini, ikawa ya vitabu."

"Sasa kama hukujua ni uongo," Manhar akamwambia baba yake, "kwa nini ulikirudisha kabatini?"

"Ningekuwa mtu wa kutambua uongo, mwanangu, kabati ningelitakia nini?"

Kisha baba mkwe alinyoosha kikopo cha ugoro kuelekea kwa mwanawe. Kijana hanusi ugoro mbele ya baba yake, hilo halijawahi kuonekana kwetu. Manhar alichota kwa vidole viwili, akanusa, akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa yote ya ugoro, na akaendelea kucheka na kulia bila kuyafuta. Jioni walikula sinia moja. Mambo ya Ghatkopar hayakutajwa tena.

Mama mkwe nilimuuliza baadaye funguo zilimtokaje kiunoni Jumapili ile. Alisema alijifanya amelala.

Sitawaambia kwamba duka lilituokoa. Lilituweka mjini miaka michache, tukaingiza stili na sisi, nyundo zikaisha moja baada ya nyingine, na mwishowe tulimuuzia mtoto wa Pragji kwa bei ya kawaida, siku ya kawaida, tukishuka ngazi moja moja. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Manhar naye aliondoka duniani mwaka juzi. Naishi Borivali na mwanangu, ghorofa yenye upepo na mapazia. Mwanangu hununua hisa kwa simu akiwa chooni, na vitabu vyake viko humo humo kwenye simu, anavimaliza kabla chai haijapoa. Nikimwambia aviweke mwaka mmoja hucheka, ila safari iliyopita aliniuliza, utani utani, je simu ikikaa karibu na achari itaharibika?

Kabati ninalo. Kitabu cha kijani hakikuchanwa wala hakikupandishwa kwenye rafu ya kioo. Baba mkwe aliamuru kibaki pale pale chini. Kila Diwali, watu wa nyumbani wakiwa sebuleni na kelele zao, mimi huingia jikoni, hukaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa kabati, na kukifungua kwenye ile sura nyeusi. Ugoro umebaki kidogo sana, na kila mwaka naogopa utakuwa umekwisha.

Mwaka huu nilifunua, nikangoja. Nikapiga chafya. Nilishusha upindo wa sari begani, na kwa mara ya kwanza bila kupitia kwa mtungi, nikamwambia baba mkwe, "Karibu, Baba. Chai tayari."